Tuwafundishe Watoto Kuandika, Si Kunakili

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme juu ya jambo ambalo hatulizungumzi mikutanoni, nalo ni uandishi wa watoto wetu wa shule za msingi. Najua wapo watakaosema, "Ndugu huyu amekosa la kusema. Tuna habari ya barabara, ya mbolea na ya bei ya pamba, naye anatuletea habari ya madaftari ya watoto." Nawaomba mnivumilie mpaka mwisho, kisha mnihukumu.

Kazi yangu katika tawi ni kuandaa mikutano, kuandikisha wanachama na kukusanya ada. Mtu angedhani kwamba wanaobisha hodi ofisini kwetu huja kuuliza habari za siasa. La hasha. Wengi huja kuomba waandikiwe. Mzee huja tumwandikie malalamiko juu ya mpaka wa shamba lake. Mama huja tumwandikie maombi ya mkopo wa kikundi chake. Hao siwashangai hata kidogo, maana baadhi yao hawakuipata shule, na kuwasaidia ni wajibu wetu.

Ninaowashangaa ni vijana. Kijana amekaa shule ya msingi miaka 7, akaenda sekondari miaka 4, kisha anakuja ofisini na karatasi nyeupe mkononi. "Ndugu katibu," husema, "naomba uniandikie barua ya kuomba kazi." Mimi humwambia, "Keti hapa uandike mwenyewe, nami nitakusomea na kukusahihishia." Basi huketi. Huandika jina lake na anwani yake kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Akifika hapo kalamu husimama, akanitazama na kuniuliza, "Sasa niandike nini?"

Ndugu zangu, swali hilo nimelisikia mara nyingi mpaka limeninyima usingizi. Kijana huyu si mjinga. Mkimkuta kijiweni anajua kueleza, anajua kubishana, anajua kusimulia mpira dakika kwa dakika. Herufi zote anazijua. Asichojua ni kulitoa neno lake mwenyewe kichwani na kuliweka katika karatasi, kwa sababu katika miaka yote ile hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Alichofundishwa ni kunakili ya ubaoni.

Kabla sijamlaumu mtu mwingine, yafaa nijilaumu mwenyewe, maana nami ni mwalimu kwa mafunzo. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kijijini, mkoani Mara. Nikapewa darasa la nne, watoto wanakaribia 90 katika chumba kimoja. Siku ya insha niliandika ubaoni kichwa cha maneno, "Chakula Nikipendacho," na chini yake nikaandika sentensi chache za mfano juu ya wali na nyama, kama nilivyofundishwa mimi nilipokuwa mdogo. Jioni nikakusanya madaftari. Karibu watoto wote walikuwa wanapenda wali na nyama, kwa maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule.

Binti mmoja wa dawati la nyuma hakunakili. Aliandika sentensi mbili tu. "Mimi napenda ugari. Jana mama arirara njaa iri sisi ture." Wenyeji wa Mara wanajua kwamba ulimi uliokua katika Kikurya huigeuza L kuwa R, na kalamu hufuata ulimi. Nami, kwa bidii ya mwalimu mgeni, nikachukua wino mwekundu, nikazizungushia duara R zote 6, nikampa alama 3 kwa 10.

Mezani alikuwapo mwalimu mwenzangu, mama wa makamo aliyefundisha hapo miaka mingi. Akalivuta lile daftari, akalisoma, akaniuliza, "Mwalimu, hapa umesoma?" Nikajibu kwamba nimekwisha sahihisha. Akasema, "Sikuulizi kama umesahihisha. Nakuuliza kama umesoma."

Niliona aibu ambayo mpaka leo haijanitoka. Mtoto aliniambia kwamba mama yake amelala na njaa, nami nikamjibu kwamba ugali huandikwa kwa L. Wiki iliyofuata binti yule alinakili sentensi zangu za ubaoni bila kukosea hata nukta, akapata alama 9. Alikuwa amejifunza somo nililomfundisha, yaani kwamba neno lake mwenyewe ni hatari na neno la mwalimu ni salama.

Watu husema kwamba watoto wetu ni wavivu wa kuandika. Mimi sikubali. Mtoto hapendi kuandika anapokuwa hana la kusema na hana wa kumwambia. Tunampa kichwa cha maneno asichokijali, aandike kwa msomaji ambaye hasomi bali anawinda makosa. Hata sisi watu wazima tungelipwa namna hiyo tungeitupa kalamu.

Jambo hili niliwahi kulijaribu katika darasa lile lile. Pampu ya kisima cha shule iliharibika, watoto wakawa wanatumwa mtoni na ndoo saa za masomo. Walinung'unika kila siku. Siku moja nikawaambia, "Msininung'unikie mimi. Mwandikieni mwenyekiti wa kijiji." Ubaoni niliandika tarehe tu, na namna ya kumwamkia mtu mzima katika barua. Mengine nikawaachia.

Ndugu wasomaji, darasa lilikuwa kimya, lakini si kimya kile cha kuogopa. Waliandika mpaka kengele ikalia, na wengine wakaomba dakika zaidi. Mmoja alihesabu ndoo zinazohitajika kwa siku. Mmoja alitaja vipindi wanavyovikosa wakiwa njiani. Mmoja alieleza jinsi mdogo wake alivyoteleza ukingoni akavunja ndoo, akachapwa nyumbani kwa kosa lisilokuwa lake. Binti wa dawati la nyuma naye aliandika, nusu ya ukurasa mzima. R zake zilikuwa pale pale. Safari hii niliyasoma maneno kwanza.

Barua zikapelekwa. Mwenyekiti alikasirika. Alimwuliza mwalimu mkuu ni nani anayewafundisha watoto kudai, nami nikaitwa ofisini nijieleze. Sikuwa na la kusema ila kwamba hakuna neno la matusi hata moja ndani ya barua zile, na kwamba kila barua ilianza na shikamoo. Baada ya siku chache mzee yule alikuja mwenyewe darasani, barua zikiwa mkononi mwake. Alikuwa amezisoma. Akaketi mbele ya watoto, akawaeleza kifaa gani kimeharibika, kinagharimu kiasi gani, na fedha za kijiji zimekwenda wapi. Sitawadanganya kwamba pampu ilitengenezwa kesho yake. Nimeondoka shuleni hapo bado haijatengenezwa. Lakini tangu siku ile, kila nilipoingia na madaftari, watoto waliniuliza, "Mwalimu, leo tunamwandikia nani?"

Tafadhali lipimeni swali hilo na lile la kijana wa ofisini kwetu. Mmoja anauliza, "Sasa niandike nini?" Mwingine anauliza, "Leo tunamwandikia nani?" Aliyemaliza miaka 11 ya shule ndiye aliyekwama, na wa darasa la nne ndiye aliyekuwa tayari. Tofauti yao ni kwamba huyu mdogo alipata msomaji.

Sasa tujiulize, desturi hii ya kunakili tumeipata wapi? Hatukuibuni sisi. Serikali ya kikoloni, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, haikujenga shule ili Mwafrika aseme lake. Ilitaka karani. Karani mzuri alikuwa yule mwenye mwandiko safi, mwepesi wa imla, anayenakili barua ya bwana mkubwa bila kuongeza wala kupunguza. Kwa kazi hiyo mwandiko, imla na kunakili vilitosha. Mawazo ya karani hayakuhitajika, na pengine yalikuwa tishio. Bendera yao iliteremshwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, lakini somo lao la ukarani lilibaki darasani, na sisi tuliolirithi tunaliita kuandika.

Hata hivyo wapo walioishika kalamu ya ukarani wakaigeuza kuwa yao. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni miaka mingi. Mashairi yake yalipata wasomaji katika gazeti la Mambo Leo, na kabla ya kufariki mwaka 1962 alikuwa ameandika vitabu zaidi ya 20. Mwajiri wake alimtaka anakili, naye akatunga. Nani anaweza kusema ni wangapi mfano wake waliozimwa katika madawati ya nyuma kwa wino mwekundu?

Tena chama cha ukombozi katika nchi hii hakikukua kwa hotuba peke yake. Mwaka 1951 Wameru walipofukuzwa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi, hawakuishia kulia. Waliandika malalamiko yao, wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuitetea haki yao. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini dunia ilisikia, na Watanganyika wakajifunza kwamba mtawala naye anaweza kushitakiwa.

Mwaka 1957 serikali ilimkataza Mwalimu Julius Nyerere kuhutubia mikutano ya hadhara. Mdomo ulipofungwa jukwaani, karatasi iliendelea kusema. Mwaka 1958 akashitakiwa kwa maneno aliyoyaandika katika Sauti ya TANU juu ya maofisa wa serikali, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda gerezani miezi 6. Wakoloni hawakuwa wajinga. Walijua kwamba neno la mdomo huenda na upepo, na neno lililoandikwa hubaki mezani likidai jibu.

Baada ya Uhuru tulipigana na adui ujinga kwa nguvu kubwa. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa kama 67 katika kila 100. Kwa kampeni ya elimu ya watu wazima walipungua mwaka hata mwaka, na mwaka 1986 walihesabiwa kuwa kama 10 katika kila 100. Wazee wetu walijifunza chini ya miembe, kwa taa za kandili, baada ya kazi za shamba. Hiyo ni sifa ya taifa zima na hakuna wa kuiondoa. Lakini tukubali pia kwamba kujua kuandika jina ni mlango tu wa nyumba. Mtu anayeweza kutia sahihi lakini hawezi kuandika pingamizi, atatia sahihi yake chini ya maneno ya mtu mwingine. Amepiga hatua kutoka dole gumba, lakini karatasi bado si yake.

Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu alitaka shule zetu zimpe mtoto akili ya kuuliza, uwezo wa kujifunza kwa wengine, na kujiamini mbele ya watu. Nakuulizeni, ni somo gani linalozaa mambo hayo matatu kwa pamoja kuliko kuandika? Mtoto anayeandika lake huuliza, maana hawezi kuandika asichokifikiri. Husoma ya wenzake akajifunza. Na akisomwa, hujiona kuwa mtu.

Lakini tumefanya nini? Kwa miaka mingi mtihani wa darasa la saba umeegemea maswali ya kuchagua herufi. Mwaka 2012 hata hesabu ziliwekwa katika mtindo huo, na majibu yakasahihishwa kwa mashine. Mwaka huo huo taifa lilishtuka kusikia kwamba baadhi ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika. Tukishtuka tusistaajabu sana, maana mwalimu hufundisha kinachopimwa. Kama mtihani unadai herufi moja, kwa nini mwalimu mwenye watoto 90 ajisumbue na ukurasa mzima?

Ni kweli mwaka 2015 mtaala wa darasa la 1 na la 2 ulibadilishwa ili kusoma, kuandika na kuhesabu vitangulie mambo mengine. Ilikuwa hatua njema. Lakini mtoto akisha kujua kuumba herufi katika darasa la 2, anazifanyia nini herufi hizo katika darasa la 3, la 4 na kuendelea? Kumpa mtu jembe na kumnyima shamba si kumsaidia.

Wengine watasema, basi tuweke insha katika mtihani na mambo yatakwisha. Mimi naona insha ina haki ya kuwamo, ila dawa hiyo peke yake haitoshi. Ndugu zetu wa Kenya walikuwa na insha katika mtihani wao wa KCPE, uliofanywa tangu mwaka 1985 mpaka 2023. Watoto wao waliandika, na katika jambo hilo walitutangulia. Lakini wengi walikaririshwa methali na mapambo ya maneno ya kupachika katika insha yoyote, iwe ya harusi au ya ajali, mradi alama zipatikane. Huko nako ni kunakili, ila kunakili kwa kichwa badala ya ubao.

Wapo pia wanaosema kwamba siku hizi kuna simu, watu hutumiana sauti, kuandika kuna haja gani? Ndugu, nenda kwenye baraza la ardhi na sauti yako ya simu, uone kama utapokelewa. Mkataba wa kuuza shamba umeandikwa. Katiba ya chama cha ushirika imeandikwa. Bajeti ya halmashauri imeandikwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba si mali tu, hata haki.

Basi tufanye nini? Sisemi maneno ya vitabuni tu. Nasema niliyojaribu, na niliyoyaona kwa walimu wazuri kuliko mimi.

Kwanza, mtoto aseme kabla ya kuandika. Watoto wetu wamelelewa kwa hadithi na vitendawili. Midomo yao imejaa. Mwalimu awaache wasimuliane wawili wawili, dakika chache tu, kisha waandike walichosimulia. Na kwa mtoto wa kijijini aliyekikuta Kiswahili shuleni, si dhambi akianza kusimulia kwa lugha ya mama yake. Neno halisi likishapatikana, Kiswahili chake tutakijenga.

Pili, kila andiko liwe na msomaji anayejulikana. Mtoto amwandikie bibi yake, mgonjwa wa zahanati, dereva wa basi, mwenyekiti wa kijiji, au darasa la pili. Gazeti la ukutani halihitaji mashine; linahitaji gundi ya unga na ukuta. Mtoto akiona wenzake wamesimama mbele ya karatasi yake wanasoma, hutahitaji fimbo ya kumfanya aandike tena.

Tatu, mwalimu asome jambo kwanza, kosa baadaye. Sisemi tuache sarufi, maana lugha yetu ina heshima yake. Nasema achague kosa moja au mawili kwa siku, leo L na R, kesho herufi kubwa, na kabla ya kosa ajibu alichoambiwa. Sentensi moja ya mwalimu isemayo, "Pole, mama anaendeleaje?" ingelifundisha binti yule mengi kuliko duara zangu 6.

Nne, iwe kila siku, kidogo kidogo. Dakika 15 zatosha. Najua walimu watalia juu ya wingi wa madaftari, na wana haki ya kulia. Tangu ada ya shule za msingi ilipofutwa miaka ya 2001 na 2002 madarasa yalijaa, nao hawakuongezwa kwa kasi hiyo. Lakini tupige hesabu. Watoto 90 wakigawanywa katika makundi 5, mwalimu hupokea madaftari 18 kwa siku, na kila mtoto husomwa mara moja kwa wiki. Siku nyingine wasomane wenyewe. Si lazima kila ukurasa upite katika wino mwekundu.

Tano, mwalimu naye aandike. Watoto wanapoandika, aketi aandike pamoja nao, kisha awasomee lake, pamoja na mahali alipofuta na kuanza upya. Mtoto ambaye hajamwona mtu mzima akisumbuka kutafuta neno hudhani kwamba kukwama ni alama ya ujinga.

Hayo ni ya walimu. Sasa nasema na sisi wanachama, kwa kuwa mzigo huu si wa walimu peke yao.

Tawi lililo jirani na shule lina ubao wa matangazo. Nusu ya ubao huo wapewe watoto. Katika kila mkutano wa tawi isomwe barua moja au mbili za wanafunzi, na kiongozi anayehusika aijibu kwa maandishi, tena upesi. Kazi hii haina gharama ila unyenyekevu. Tunapochanga fedha za madawati, tukumbuke pia madaftari, maana mtoto mwenye daftari moja kwa masomo matatu hawezi kuandika zaidi ya mistari anayopimiwa.

La pili ni gumu zaidi. Mtoto akiandika kwamba zahanati haina dawa, tusimtafute aliyemtuma. Mwalimu aliyemruhusu asiitwe mchochezi wala asihamishwe. Nimekwisha kusema jinsi nilivyoitwa ofisini. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa ualimu, sikuwa na cha kupoteza. Mwalimu mwenye watoto wa kulea angejifunza mara moja kurudi kwenye wali na nyama. Chama kilichozaliwa kwa malalamiko yaliyoandikwa hakiwezi kuogopa malalamiko ya darasa la nne. Kikiyaogopa, kijiulize kimefika wapi.

La tatu, tusiwageuze watoto kuwa waandishi wa sifa zetu. Kiongozi akija ziara, watoto huandikiwa risala na ngonjera za kumsifu, wakazikariri wiki nzima na kuacha masomo. Kiongozi hupiga makofi, hupigwa picha, akaondoka bila kujua kwamba hakuna mtoto hata mmoja aliyesema neno lake. Mimi nashauri, kiongozi akija, apewe daftari moja la mtoto yeyote, alisome pale pale. Atajifunza habari za kijiji kile kuliko katika taarifa zote alizoandaliwa.

Ndugu wanachama, nchi hujitawala kwa watu wanaoweza kusema wanachotaka na kukiweka mahali ambapo hakiwezi kukanushwa. Asiyejiandikia ataandikiwa, na anayeandikiwa hajui ameandikiwa nini. Leo anakuja ofisini kwangu kuomba barua ya kazi, nami namwandikia kwa nia njema. Kesho atakwenda kwa mwingine kuandikiwa mkataba wa shamba la babake, na nia ya huyo siijui.

Binti wa dawati la nyuma aliandika sentensi mbili zenye makosa 6, na ndani yake mlikuwa na mama, njaa, upendo na watoto walioshiba. Hakuna kitabu cha chuo kilichonifundisha zaidi ya hapo. Nilimrudishia daftari lake likiwa na alama 3. Alama ile ilikuwa yangu.

Uhuru na Kazi.